Hasemi, lakini jogoo alimnunua kwa macho

Shikamoo Bibi,

Nasoma majibu yako kila wiki na mara nyingi nacheka peke yangu jikoni. Leo sina cha kuchekesha, au labda kipo kimoja, nitakifikia.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa migomba na kahawa kidogo huku Kilimanjaro upande wa juu, Mlutheri wa kuzaliwa. Barua hii inamhusu kitinda mimba wangu, ana miaka 15. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili na hakulia. Alipofikisha miezi kumi shingo ilikuwa bado haijakaza, tukaambiwa hospitali kuwa ni mtindio wa ubongo. Hatembei, mikono inajikunja, hasemi, na ana kifafa anachomezea vidonge asubuhi na jioni. Lakini Bibi, anasikia na anaelewa, Kiswahili na Kichaga cha bibi yake. Ndiyo yake ni kuinua macho juu kama mtu anayetazama dari. Hapana yake ni kufumba macho kwa nguvu. Kwa hayo mawili tunaongea naye kutwa, na kwa ubishi anawashinda dada zake.

Miaka miwili iliyopita mwinjilisti wetu alikuja nyumbani akaniambia, "Mama, huyu umri wake wa kipaimara umefika, mbona humleti?" Sikuamini masikio yangu. Tangu siku hiyo kila Jumamosi binamu yake amemsukuma kwenye kiti mwendo hadi mafundisho, na masika njia ikiwa tope tulimbeba mgongoni. Mwinjilisti yule alikuwa akiuliza swali, kisha anamgeukia mwanangu na kumtajia majibu matatu. "Amri ya nne ni ipi? Usiibe? Waheshimu baba yako na mama yako? Usizini?" Mtoto anasubiri, anainua macho kwenye la pili, darasa zima linapiga makofi.

Mwaka huu mwinjilisti akahamishwa. Aliyekuja si mtu mbaya, ila ni mtu wa utaratibu. Amesema mtihani wa kipaimara ni wa mdomo, mbele ya usharika, na Warumi sura ya 10 inasema mtu hukiri kwa kinywa. Amesema pia hana namna ya kujua kama mtoto anaelewa au anachezesha macho tu. Suala likapelekwa kwa wazee wa kanisa, wakatafuta njia ya katikati: mwanangu ashonewe kanzu nyeupe kama wenzake, akae nao, apigwe picha, ila ukifika wakati wa Chakula cha Bwana, ule mkate na divai, arukwe. Mama mmoja wa kikundi chetu, kwa nia njema kabisa, akaninong'oneza nibebe mkate wa dukani kwenye kitambaa nimpe kipande palepale alipo, asijisikie vibaya wenzake wakila.

Halafu kuna kundi la maombezi linalokuja Jumamosi moja kila mwezi. Wamemwekea mikono mara sita. Mara ya mwisho kiongozi wao aliniambia vidonge ndivyo vinavyomzuilia uponyaji, maana naonyesha kwamba siamini. Bibi, niliacha kumpa siku mbili. Usiku wa pili alipata degedege refu ambalo sijawahi kuliona, midomo ikawa ya bluu. Nikarudisha vidonge. Sijamwambia mtu yeyote, hata baba yake.

Baba yake amenyamaza. Anasema tusijidhalilishe, tuchinje mbuzi nyumbani tumfanyie sherehe yetu. Mama mkwe anasema hili ni la ukoo wetu, yaani wa kwetu nilikozaliwa.

Sasa lile la kuchekesha. Huwa tuna mnada baada ya ibada, watu wakileta ndizi, mayai, kuku. Mwanangu anaupenda mnada kuliko mahubiri. Mwezi wa sita mzee anayenadi alimshika jogoo mwekundu juu, akafika elfu kumi na nne, akasema "nani ananipa kumi na tano?" Mwanangu akainua macho. Mzee akapaza sauti, "Kumi na tano kwa kijana! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, limekwenda!" Nikacheka, nikamwambia mzee anatania, akanijibu, "Mama, kijana kasema ndiyo, mnada ni mnada." Nililipa. Hela hiyo ilikuwa ya sabuni na sukari.

Mtihani ni mwezi ujao. Nikubali kanzu bila Chakula? Au nihame kanisa? Kuna kanisa jipya barabarani wanakaribisha kila mtu.

Mama wa kitinda mimba, Kilimanjaro

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na vidonge, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi Jumapili na hili haliwezi. Usiviache tena hata siku moja kwa neno la mtu yeyote anayeombea, anayehubiri au anayeota ndoto. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na linaweza kukataa kukoma. Likipita dakika tano halijakoma, huo ni wakati wa kutafuta gari, usiku au mchana. Wiki hii nenda kliniki uwaeleze yote, siku mbili ulizoacha, urefu wa degedege, rangi ya midomo. Hawatakukamata. Huenda wakataka kuangalia upya kipimo cha dawa, maana mtoto wa miaka 15 ana uzito mwingine na wa miaka 12 ana mwingine. Na mwambie baba yake. Siri hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, tena nadhani ukimya wake utapata mlango wa kutokea akijua na wewe uliogopa.

Huyo kiongozi wa maombezi sitamwita mwongo. Nitasema tu kwamba degedege lilipokuja usiku yeye alikuwa amelala kwake.

Haya, sasa kipaimara.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama kwa yule jogoo. Mzee anayenadi hakuhitaji kamati. Aliyaona macho, akajua ni ndiyo, akaita bei, na ndiyo hiyo ikakutoa shilingi elfu kumi na tano mfukoni. Usharika mzima ulikuwepo na hakuna aliyesimama kusema tusubiri kwanza, huenda anachezesha macho tu. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo kwa mchungaji. Ningemwambia: Mchungaji, ndiyo ya mwanangu imeshapokelewa katika usharika huu na fedha imeingia kwenye hesabu za kanisa, naomba sasa ipokelewe kwenye Imani ya Mitume, ile tunayoikiri kila Jumapili.

Usidhani natania. Hoja ya mwinjilisti ina pande mbili na inafaa ijibiwe kwa heshima, maana mtu wa utaratibu hubadilika akionyeshwa utaratibu.

Upande wa kwanza ni kinywa. Paulo aliandika vile kwa watu waliotakiwa kumtaja Yesu kuwa Bwana hadharani, na hakuwa akikagua koo za watu. Biblia yenyewe ina kuhani aliyepoteza sauti. Zekaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alikaa bubu miezi yote ya mimba ya mkewe. Siku ya kumpa mtoto jina, Luka anasema ndugu na majirani walimwashiria baba, naye akaomba kibao akaandika kwamba jina lake ni Yohana. Likawa hilo. Hakuna jirani aliyesema jina halijakubalika kwa kuwa baba hakulitamka. Kibao cha Zekaria na macho ya mwanao mimi sioni tofauti yake.

Upande wa pili ni akili, atajuaje kama anaelewa. Hapa mwombe mwinjilisti afungue Katekisimo Ndogo anayoifundisha kila Jumamosi, kwenye maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, ile ya Roho Mtakatifu. Kitabu hicho alikitoa Martin Luther mwenyewe, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, mwaka 1529. Mtoto wa kipaimara anatakiwa kukiri nini pale? Anakiri kwamba kwa akili yake na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, ila Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Watoto wetu wanakariri maneno hayo miaka na miaka, wengine kwa mbio kama wanakimbizwa na mbwa, halafu tunamzuia mmoja mlangoni tukitaka kwanza atuthibitishie akili yake. Nimefundisha shule ya Jumapili muda mrefu na nakuhakikishia wapo niliowapitisha kwa mdomo wao mwepesi ambao hadi leo sijui walielewa nini. Mmoja aliniambia Pontio Pilato ni mmoja wa mitume. Akapata kipaimara, ameoa, ana watoto.

Tena kwetu Walutheri kipaimara si sakramenti. Tuna mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Kipaimara ni utaratibu mzuri wa kanisa wa kumfundisha mtoto aliyebatizwa, kumwombea na kumwekea mikono. Kilichowekwa na kanisa kanisa linaweza kukipanga upya mchana mmoja. Na mwanao alipobatizwa, nadhani akiwa mchanga, alijibu nani? Mlijibu ninyi na wadhamini wake. Siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia sauti yake.

Kuhusu mkate wa dukani kwenye kitambaa, usifanye. Najua huyo mama anakupenda. Lakini jambo hilo ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1520 Luther aliandika juu ya misa, na humo akagusa swali lililokuwa likiulizwa, kama mabubu wapewe sakramenti. Kulikuwa na watu walioona ni wema kuwadanganya kwa mkate usiobarikiwa. Luther akasema hiyo ni dhihaka. Kama mtu ana akili zake na anaonyesha kwa ishara zisizo na shaka kwamba anataka, apewe, na kazi ya Roho Mtakatifu aachiwe Roho Mtakatifu. Sasa imepita miaka mia tano na wewe unaletewa kitambaa kilekile. Mpe mwinjilisti hiyo habari kwa upole. Yeye ni Mlutheri, atasikia.

Mtu ataniuliza, na asiye na hata ishara hizo je? Wapo watoto ambao hawainui macho wala hawafumbi. Hilo ni zito kuliko la mwanao na mafundi wa teolojia hawajamaliza kulibishania. Jibu langu mimi ni lile la ubatizo, kwamba tulimpokea kabla hajatujibu chochote. Lakini leo tunamzungumzia kijana anayejua kununua jogoo.

Kuna andiko jingine ambalo mzee mmoja wa baraza hakosi kulileta, 1 Wakorintho sura ya 11, kwamba mtu ajihoji na asile pasipo kuupambanua mwili. Akilileta, mwombe arudi nyuma mistari saba, nane. Paulo amewakasirikia nini watu wa Korintho? Wenye nacho walikuwa wakitangulia kula na kushiba, na wasio nacho wanabaki na njaa, wanatahayari katikati ya kanisa. Hao ndio aliowaambia wajihoji. Sasa tazama picha wanayoitaka wazee wako: safu ya watoto wenye kanzu nyeupe, sahani inapita, inamruka mmoja, inaendelea. Nani hapo hajaupambanua mwili?

Kwa hiyo kanzu bila Chakula, kwa maoni yangu, ikatae. Ni afadhali angojee mwaka mmoja avae kwa haki kuliko kuvalishwa kwa ajili ya picha. Lakini ona, nimesema "kwa maoni yangu", na wewe una yako, wazee wana yao, baba ana mbuzi wake. Mwanangu, nimetafuta katika barua yako mahali ulipomuuliza mtoto mwenyewe, na sijapaona. Umeandika anavyobishana na dada zake, anavyopenda mnada. Hujaandika kama anataka kipaimara. Hujaandika kama anapenda kuwekewa mikono na watu asiowajua, mara sita. Yesu alipomkuta Bartimayo kipofu anapiga kelele kando ya njia ya Yeriko, kila mtu pale alijua kipofu anataka nini, hata hivyo alimuuliza, wataka nikufanyie nini? Muulize usiku mkiwa wawili, taratibu, swali moja kwa wakati. Unataka kipaimara? Unataka kula Chakula cha Bwana? Ukiambiwa uvae kanzu usile, utakubali? Unataka wale waombezi wakuombee tena? Akifumba macho kwa hilo la mwisho, basi limeisha, na Jumamosi hiyo abaki nyumbani au aende kwa binamu yake. Ana miaka 15. Wenzake wa umri huo wanakataa hata kunyolewa.

Sisemi asiombewe. Aombewe mtihani kama wenzake, aombewe kifua msimu wa baridi, ninyi huko juu mnajua baridi. Ninachokataa ni mtoto kusogezwa mbele kila mwezi kama redio mbovu inayopelekwa kwa fundi.

Naomba nikuhadithie kidogo. Kabla ya kustaafu nilifundisha watoto wasioona. Jumapili moja tulialikwa kanisani, msichana wangu mmoja akasoma somo la kwanza kwa nukta nundu, vidole vinatembea, sauti imetulia. Alipomaliza kanisa likapiga makofi na vigelegele, akina mama wanafuta machozi. Njiani kurudi amenuna. Nikamuuliza nini. Akasema, "Mwalimu, yule kaka aliyesoma Zaburi kabla yangu mbona hawakumpigia makofi? Mimi nilikosea jina la Nebukadreza na hakuna aliyesikia, walikuwa wananitazama." Tangu siku ile makofi ya kanisani huwa yananitia wasiwasi. Na darasa la mwanao, pamoja na uzuri wake wote, mwambie binamu awaombe wapunguze. Akijibu sawa, mwalimu aseme "sawa" aende kwa mwingine. Akikosea aambiwe amekosea.

Kanisa letu halikosi moyo wa kusaidia. Hapo hapo mkoani kwenu, Mwanga, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, KKKT, lina shule ya viziwi, na Irente, Lushoto, lina ya wasioona. Waanglikana nao wana ya wasioona Buigiri, kule Dodoma. Hizo ni kazi kubwa za miaka mingi. Lakini mtoto akimaliza shule hiyo akarudi usharikani kwao, mara nyingi anakuta hakuna anayejua ishara moja, hakuna nyimbo za nukta nundu, na madhabahu iko juu ya ngazi. Tumezoea kuwaona kama watu wa kuchangiwa. Kuwaona kama Wakristo wenzetu ambao wanaweza kuwa wazee wa kanisa, wanakwaya au wabishi wa kwenye vikao, hapo bado tunajikongoja. Wenzetu Kenya wametutangulia kidogo: mtandao wa kiekumene wa watetezi wa watu wenye ulemavu, EDAN, ulianza mwaka 1998 chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni na makao yake yako Nairobi. Kwa miaka mingi uliongozwa na mtu asiyeona, Samuel Kabue. Mwaka 2003 Baraza hilo lilipokea tamko, na kichwa chake kinasema kanisa ni la wote na kwa ajili ya wote. KKKT ni mwanachama wa Baraza hilo. Mkuu wa jimbo lako la kanisa, aliye juu ya mchungaji, atakuwa anajua, na kama hajui, mchungaji anaweza kumkumbusha.

Maana huko ndiko pa kwenda. Mwinjilisti asiwe wa mwisho kuamua, na wazee hawakumsikiliza mtoto. Omba kuonana na mchungaji wa usharika, uende na baba yake, na kijana awepo, amevaa vizuri, kiti kimefutwa tope. Kama mwinjilisti wa zamani anapatikana, aje au aandike barua ya nusu ukurasa kuhusu alivyokuwa akimtahini. Mwombe mchungaji amuulize mwenyewe maswali matano kwa majibu matatu matatu, na aanze na lile ambalo jibu lake ni la tatu, asije mtu akasema anainua macho kwa mazoea. Mpe muda. Watoto wa mtindio wa ubongo, ukiwauliza kwa haraka au kwa sauti kubwa, mwili hushtuka na macho yanakwenda kokote. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Kwa sababu hiyohiyo siku ya ibada asikae karibu na spika.

Mchungaji akikubali, yapo ya kupanga mapema, usingoje asubuhi ile. Mkate mkavu unaweza kumganda kooni. Kivunjwe kipande kidogo cha ukubwa wa punje ya mahindi, kichovywe kwenye divai hadi kilainike, na anayemlisha awe wewe au binamu yake, mtu anayelijua koo lake, mchungaji akisema maneno pembeni. Kichwa kikae wima, kidevu kiiname kidogo, asiegemeshwe nyuma. Fanyeni mazoezi nyumbani kwa mkate wa kawaida na sharubati, hapo ndipo mkate wa dukani una kazi yake.

Halafu ngazi. Hukuzitaja, lakini mimi makanisa ya huko nayajua. Kama ni tatu za sentimita 15, ni sentimita 45 kwenda juu, na njia ya mteremko inayofaa kiti mwendo hutaka urefu mara 12 ya kimo, kwa hiyo fundi atahitaji mita tano na nusu hivi. Kama nafasi hiyo haipo au fedha haipo mwezi huu, mchungaji ashuke. Watoto wote wapokelee chini, kwenye sakafu, wamezunguka nusu duara, kiti cha mwanao kikiwa kimoja katika mstari. Asibebwe na vijana wanne mbele ya kamera. Yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2 alibebwa kwa sababu nyumba haikuwa na njia nyingine, na hao waliombeba walitoboa dari la watu.

Mama mkwe. Mpeleke kliniki siku ile ya dawa, akae kwenye benchi asikie daktari akieleza mtoto asipolia baada ya kuzaliwa hewa inavyokosekana kwenye ubongo. Uchungu wa siku mbili si ukoo wa mtu. Na kama anapenda Maandiko, Yohana sura ya 9, wanafunzi waliuliza swali lake neno kwa neno, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akawajibu si huyu wala wazazi wake. Zaidi ya hapo usibishane naye. Anamfundisha mtoto Kichaga, kwa hilo namheshimu.

Kuhama. Ukihama si dhambi, mwanangu, na nisingekulaumu. Ila kanisa linalokaribisha kila mtu liulize mapema linamkaribisha kufanya nini. Nenda mara mbili, tazama kama wana mtu mwenye ulemavu anayeimba, anayehesabu sadaka, anayegombana na mwenyekiti. Kama wenye ulemavu wote wako mstari wa mbele wakingoja kuombewa, umehama barabara tu. Mimi ningemaliza kwanza la mchungaji, na la mkuu wa jimbo likibidi, kabla sijafungasha. Miaka miwili ya Jumamosi kwenye tope si kitu cha kumwachia mtu.

Ikifika kanzu, mwambie mshonaji ampime akiwa amekaa. Ikipimwa kwa urefu wa mtu aliyelala itaingia kwenye magurudumu. Ishie chini kidogo ya goti, na ifunguke mgongoni kwa vishikizo, mikono inayojikunja haipendi kuvukishwa kichwani.

Niandikie mkishaonana na mchungaji. Na unieleze jogoo yule mlimfanyaje, mlimchinja, au bado anamwamsha mwenyewe aliyemnunua.

Bibi